Nani Alizuia Jeneza la Mwaisha?

Mkuyuni, Morogoro
14 Desemba 2024

Mpwa wangu Zuhura,

Salaam aleikum, wewe na mumeo Said. Huku mlimani tu wazima. Mvua za vuli zilituringia sana mwaka huu, lakini zimekuja, na migomba imeshaanza kuinua shingo. Mimi mwenyewe sina homa wala kikohozi. Masikio tu ndiyo yameniaga moja kwa moja. Mkaza mjomba wako ananisemesha kwa mikono, kama anayefukuza kuku, na ajabu ni kwamba tunaelewana kuliko zamani.

Ng'onda za samaki ulizompa kondakta zilifika, tena bila kupunguzwa. Tulizipika kwa nazi, na bonde zima likajua kwa harufu kuwa nina mpwa pwani. Asante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza.

Usihangaike kunipigia simu. Ukipiga anapokea mkaza mjomba wako, ananipungia mikono, nami najibu kitu ambacho hukuuliza. Andika. Macho yangu bado yananiheshimu.

Sasa lililonikalisha chini ni hili. Tangu mama yako azikwe mwezi wa tano nimekuuliza, na kila mara unanipa habari nyingine. Unajua hatukupenda kukosa mazishi. Kimbunga kilikata barabara ya Kilwa, tukalala Somanga ndani ya basi tukitazama maji yanavyopita pale palipokuwa na lami, halafu tukageuzwa. Mvua silaumu, na wewe sikulaumu kwa kutomrudisha nyumbani, maana hata maiti haina mabawa. Lakini Mwaisha alikuwa dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, na nataka kujua alivyoondoka.

Nani alichimba kaburi? Jeneza lilipotolewa, nani alikaa mlangoni? Nani alilizuia? Nijibu, hata kwa maneno mafupi.

Mjomba wako,
Mikidadi

*

Kilwa Masoko
9 Januari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mkaza mjomba. Barua yako imefika inanukia iliki, na iliki yenyewe imefika. Nakushukuru sana. Nimeigawa kwa majirani kidogo kidogo, na chai ya mtaa huu siku hizi inajisikia.

Said hajambo. Msimu huu yuko na mafundi wanaoziba nyufa za kuta za magofu kule Kilwa Kisiwani. Saruji hawaruhusiwi, wanatumia chokaa kama waliojenga, basi anarudi nyumbani mweupe kama amejipaka unga. Mimi naendelea kuvusha wageni na kuwaonyesha magofu. Hivi karibuni nilikuwa na walimu kutoka Newala. Niliwatembeza Msikiti Mkuu, tukapita chini ya kuba, nikawaonyesha vipande vya mabakuli ya Kichina ambavyo bado vinaokotwa mchangani. Nikawapa na hadithi inayopendwa na wageni wote, ya mtu wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo ya kukizungushia. Mama alikuwa akiisikia hadithi hiyo anasema muuzaji lazima alikuwa Mluguru mwenzake, maana baridi ndiyo inayomfanya mtu auze ardhi apate shuka.

Kuhusu mazishi, mjomba, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Watu wa Kilwa walimzika mama kama mtoto wao. Palikuwa na heshima na utulivu mkubwa. Hapakuwa na vurugu yoyote. Alikwenda kimya kimya, kama mwenyewe alivyokuwa mtu wa amani. Nadhani hilo litaupoza moyo wako.

Nina habari nyingine, na nimengoja mpaka niwe na uhakika. Nina mimba, mjomba. Ni baada ya miaka yote ile unayoijua, ya dua na dawa na maneno ya watu. Wauguzi wanasema inakwenda vizuri, na moyo wangu unaniambia ni wa kike. Siombi nguo wala kitanda. Naomba jina. Said amekubali, wakwe zangu wamekubali, lakini mama alikuwa akiniambia kwamba kwetu jina la marehemu halichukuliwi tu kama ndoo kisimani, linatolewa na mjomba. Basi naliomba kwako. Nataka mwanangu aitwe Mwaisha.

Mpwa wako,
Zuhura

*

Mkuyuni
4 Machi 2025

Zuhura,

Salamu, na Ramadhani njema. Barua yako niliipata zamani. Nilichelewa kujibu.

Mananasi ya msimu mkubwa yamekwisha. Wanunuzi wa Dar walikuja na malori yao wakachagua kama wanaochumbia. Njia ya kwenda Matombo imelika tena pale kwenye kona. Mkaza mjomba wako alianguka akateguka mguu, sasa anatembea.

Nimeifurahia mimba yako. Usione barua yangu fupi ukadhani sikufurahi. Nilimshukuru Mungu papo hapo, nikiwa shambani, na panga mkononi. Mwenyezi Mungu amlete salama.

Kuhusu jina nimekaa na wazee wa ukoo. Jibu ni kwamba kwa sasa haliwezekani. Mpe jina lingine, zuri, lolote mtakalopenda na mumeo. Sisi hatutachukia.

Umeniandikia kwamba dada yangu alizikwa kimya. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Wewe umekulia pwani, hukai na sisi kwenye misiba, kwa hiyo sikukasirikii. Lakini kwetu mtu akizikwa kimya maana yake hakuna mtani aliyesimama. Hakuna aliyezuia jeneza, hakuna aliyemcheka, hakuna aliyegombania mahali pake ardhini. Huyo amezikwa kama mpita njia aliyeokotwa. Msiba wake haujaisha, na jina lililo ndani ya msiba ambao haujaisha hatumbebeshi mtoto. Si adhabu. Ni kumhurumia mtoto.

Basi usiniombe tena, maana kukunyima kunaniuma.

Mikidadi

*

Kilwa Masoko
20 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nafunga siku ninazoweza, na mtoto anacheza. Pole kwa mguu wa mkaza mjomba.

Nimeisoma barua yako nikalia kwa hasira, nakuambia ukweli. Ulitaka kujua nani alizuia jeneza. Nilikuficha ili usiumie. Kama bila aibu hiyo hamlali, basi ipokeeni yote.

Yuko mtu hapa anaitwa Thobias, Mnyamwezi wa Urambo, mlinzi wa magofu. Amekaa Kilwa miaka mingi. Mama alikuwa akiuza vitumbua karibu na gati, na kila asubuhi Thobias akipita kwenda kupanda mashua walikuwa wanarushiana maneno. Mama anamwambia, "We mpagazi, mzigo wa watu umeutupa wapi?" Naye anajibu, "Nimeuacha kwenu, kule mnakopanda mahindi kwa manati na kuwafunga watoto kamba wasiporomoke." Nilijua ni utani, sikuwa mjinga. Lakini utani si una mipaka?

Siku ya msiba mvua ilikuwa inamwagika. Sisi wanawake tuko ndani tunalia, huyo Thobias akaingia uani akiwa amejifunga kanga ya mama, ameianua kwenye kamba. Kichwani amebeba kikaango cha vitumbua. Akaanza kutembea kama mama, na ule mguu wa kushoto ambao mama alikuwa akiuvuta, mjomba, akauvuta vile vile. Akapiga kelele, "Mchoyo amekufa! Leo nakula bure!" Akacheka mbele ya maiti.

Jeneza lilipoinuliwa akajilaza mlangoni. "Haendi mtu mpaka nipewe kuku," akasema. "Mkininyima nambeba mwenyewe mpaka Morogoro kwao. Barabara imekatika, imekatika kwa magari. Mimi si mpagazi?" Shemeji yangu akamwinua kwa ukosi wa shati. Walidhani amelewa. Na makaburini, Said aliniambia, aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema panamtosha yeye, huyo Mluguru akatafutiwe mlima. Wakamtoa kwa nguvu, watu watatu.

Kuchimba alichimba, siwezi kumsingizia. Alianza alfajiri, na shimo likijaa maji anateka kwa ndoo, anachimba tena, wengine wamejikinga chini ya turubai.

Waliporudi nilimkuta uani, nikamwambia mbele ya watu wote: "Usikanyage hapa tena maisha yako." Akanitazama, akakiweka chini kikaango, akaenda. Mpaka leo tunapishana kule Kisiwani kila siku ya kazi na hatusalimiani.

Hayo ndiyo mazishi ya mama yangu. Niliandika kwamba yalikuwa kimya kwa sababu nilitamani yangekuwa hivyo. Sasa unajua, na jina umeninyima, sijui ni lipi lingine unalotaka.

Zuhura

*

Mkuyuni
5 Aprili 2025

Zuhura, Zuhura, mwanangu, mtoto wa dada yangu!

Salamu utazipata siku nyingine, sina subira. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikalia mpaka mkaza mjomba wako akashika kichwa akidhani tumepata msiba mwingine. Nikampa asome. Akasoma, akapiga kigelegele. Sikukisikia, lakini nilimwona jirani anakuja mbio na mwiko mkononi.

Mwanangu, hukuaibishwa. Mama yako alizikwa kama malkia wa ukoo! Wanyamwezi ni watani zetu tangu siku za misafara, babu zao walipopita huku na mizigo kichwani kwenda pwani, wakiugua wanaugulia kwetu, wakifa tunawazika sisi. Mtani ndiye mwenye kazi ya maiti. Ndugu analia, hana nguvu. Mtani anachimba, anacheka, anazuia, anaingia kaburini kupima kama pana nafasi ya mtu wake, na akitolewa kwa nguvu ndiyo heshima yenyewe. Kuvaa nguo ya marehemu na kutembea kama yeye ni kumpa matembezi ya mwisho. Nami nilikaa Somanga nikitazama maji, nikilia kwamba dada yangu hana mtu. Kumbe alikuwepo mtu anataka kumbeba kwa miguu mpaka Morogoro!

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ungeniambia mwezi wa tano, mwaka huu wote tungelala usingizi.

Sasa sikiliza. Usiende kumwomba radhi huyo bwana. Mtani haombwi radhi, ukimwomba unamvua undugu. Nenda kamtukane. Mtukane vizuri, na watu wasikie. Mwambie Mikidadi wa Mkuyuni amesema mpagazi gani anatolewa kaburini na watu watatu tu, babu zake walihitaji kumi.

Nami nakuja. Masika yakipita, baada ya Idi kubwa. Nitapanda hiyo treni ya umeme mpaka Dar, wanasema haina kelele. Kwangu mimi zote hazina.

Mjomba wako anayekushukuru kwa hasira zako,
Mikidadi

*

Kilwa Masoko
2 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumbo limekuwa kubwa, vitu vikianguka chini naviacha vikae huko. Said anakusalimu sana na anauliza kama utakuja na mananasi au utakuja mikono mitupu kama Mluguru.

Nimefanya ulivyosema. Ilinichukua muda, maana nilikuwa naona haya. Nilikuwa nimevusha wageni wa Mtwara, familia nzima, na yeye ameketi penye kivuli cha ukuta wa jumba la Makutani. Nikasimama mbele yake nikasema kwa sauti, "We mpagazi! Mizigo ya mjomba wangu inaoza Mkuyuni, wewe umekaa hapa unalinda mawe, unadhani yatakimbia?"

Akainua kichwa. Nikaongeza ile ya watu watatu, na babu zake.

Alinitazama mpaka nikaogopa nimekosea. Kisha akavua kofia akajipangusa uso kwa muda mrefu kuliko jasho lililokuwepo. Akasema, "Mluguru, nilidhani ulizikwa na mama yako. Mwaka mzima sijatukanwa. Nimekonda." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Yule mama angenitokea usingizini na kikaango chake kama ningemwacha aende kimya."

Nilimwambia asante, ikanitoka kabla sijaizuia. Akanikemea, "Ishia hapo hapo." Nikalia, naye akanicheka, na wale wageni wa Mtwara wakapiga makofi wakidhani ni maonyesho ya magofu. Mwenye familia aliniuliza kama yanafanyika kila siku.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ananitukana. Njoo, mjomba. Nakungoja kwa mengi, na moja unalijua.

Mpwa wako,
Zuhura

*

Mkuyuni
26 Juni 2025

Mpwa wangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa Said, kwa wakwe zako walionilaza kitanda chenye chandarua kipya, na kwa yule mtu asiye na adabu. Nilifika salama. Mkaza mjomba wako amenitaka nimsimulie kila kitu, na kwa kuwa akiniuliza sisikii, nimesimulia nilivyopenda.

Nakuandikia wewe pia, ingawa ulikuwepo, kwa sababu pale nilikuwa sina maneno.

Nilishuka gatini na gunia langu la mananasi. Mara mtu mrefu mwenye koti la ulinzi akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akashika mbavu akacheka, midomo inakwenda kama cherehani. Sikusikia neno, nikaelewa yote. Akalinyakua gunia, akalitwika kichwani, akaanza kuyumba kama mpagazi aliyetembea kutoka Tabora, akaingia nalo kwenye mashua. Kisiwani alinipokonya na kofia. Mananasi sikuyaona tena mpaka nilipomwona mkewe anauza. Nilifurahi, mwanangu! Tangu dada afe hakuna mtu aliyeniibia kwa mapenzi.

Halafu ukanitembeza. Nilidhani magofu ni nyumba zilizokufa. Nilipoingia Msikiti Mkuu nikaona nguzo zile zimesimama kwa mistari, nikavua viatu bila kuambiwa. Wewe ulikuwa unaeleza kwa mikono, tumbo limetangulia, mara unaonyesha Bara Hindi, mara Shirazi, mara dhahabu ya kusini, na mimi nashika tu ukuta. Said alinionyesha mahali alipoziba kwa chokaa. Nikaweka kiganja hapo, na cha pili juu ya chokaa ya wazee wale, nikaona aibu kidogo kwa furaha niliyokuwa nayo. Kule Husuni, kwenye jumba la sultani, penye lile bwawa lenye pembe nane, nilikaa nikacheka peke yangu. Mtu ana bahari nzima pembeni na bado anajichimbia maji yake ya kuogea! Huyo alikuwa tajiri.

Lakini pale kwenye makaburi ndipo nilipopata nilichokifuata. Nilitazama makaburi yale ya mawe, nikawaza kwamba si wote waliolala katika kisiwa kile walizaliwa hapo. Wako walioletwa na biashara. Walikuja na nguo na shanga, wakapata homa, wakafa kabla upepo wa kurudi haujaanza, na mama zao ng'ambo huko hawakujua. Nani aliwaosha? Ni wale wale waliowauzia chakula. Mji wa biashara ni mji wa kuzikana, vinginevyo nani angethubutu kwenda? Mimi nilidhani dada yangu ameachwa ugenini. Kumbe amelala katika nchi yenye mazoea ya kuzika watu wa mbali, tangu enzi za mabakuli yale ya Kichina. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Pale nilimshukuru mwenyeji.

Na kaburini kwake, Masoko. Wewe ulikaa nyumbani kwa hali yako, kwa hiyo hili hulijui. Nilisoma Yasini. Thobias alisimama mbali, kofia yangu mkononi, hacheki. Nilipomaliza akasogea. Hakujaribu kunisemesha. Akaanza kunionyesha. Akaweka mkono kifuani kwake, kina cha shimo. Akaugusa mguu chini ya goti, maji yalipofika. Akateka kwa ndoo isiyokuwepo, akamwaga, akateka. Akajilaza pale pembeni, chali, mikono kifuani, akanionyesha walivyomvuta. Halafu akainuka, akajifunga koti lake kiunoni kama kanga, akatembea.

Zuhura, nilimwona dada yangu. Mguu ule aliumia akiwa msichana, aliteleza mtoni akiwa amenibeba mimi, na hakuniangusha. Alitembea mbele yangu kuanzia kaburi lile mpaka kwenye mkorosho, akageuka, akarudi. Nilikosa mazishi yake, nikaonyeshwa upya. Nilimshika yule Mnyamwezi nikamkumbatia, na kwa kuwa haifai, nikamkanyaga mguu makusudi.

Nakushukuru wewe. Nawashukuru watu wa Kilwa wote, hata yule shemeji wa ukosi wa shati. Waambie Mikidadi hana neno nao, ana asante tu.

Siku ya kuondoka ulinitazama kwa macho ya kuuliza, nami nikajifanya natafuta tiketi. Sikukusahau. Jina si langu peke yangu, lazima niwapelekee wazee niliyoyaona. Tena jina halipewi tumbo. Zaa kwanza.

Mjomba wako,
Mikidadi

*

Kilwa Masoko
9 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimejifungua jana asubuhi, salama, mtoto wa kike. Mimi ni mzima, ila naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Ana sauti kubwa, wauguzi wamemwita tarumbeta.

Kina Said wanataka kusoma dua siku ya saba na kumtaja jina. Nimewaomba wasubiri basi la kutoka kwenu. Mama mkwe ananiuliza, "Kwani tumwite nani kwa sasa?" Namjibu tumwite mgeni.

Thobias alikuja mlangoni akamtazama, akasema ni mbaya sana, arudishwe. Nilicheka mpaka nikaumia.

Nangoja, mjomba. Sina la kuongeza.

Zuhura

*

Mkuyuni
13 Julai 2025

Mpwa wangu mpendwa Zuhura,

Salaam aleikum, na hongera, hongera, hongera ya uzazi. Barua hii nimempa dereva mwenyewe mkononi na nimemtisha. Ndani ya kifurushi mna iliki ya uji wako, pilipili manga, na kanga mbili kutoka kwa mkaza mjomba wako. Asante kwa kutuletea mtu.

Wazee tulikaa juzi nyumbani kwa bibi yako, pale mama yako alipozaliwa. Niliwasimulia yote, Kisiwani na kaburini. Nilipofika kwenye kuku na mlango, mzee mmoja aliniomba nirudie. Nilipomwonyesha Thobias alivyolala, nikalala mwenyewe chini na uzee wangu huu, wanawake walicheka mpaka wakajishika vichwa, kisha wakalia, kama inavyotakiwa. Tukasoma dua. Tukala wali. Msiba wa dada yangu umeisha, mwanangu. Umeishia kwenye kicheko, na ndivyo tulivyokuwa tunataka tangu mwanzo.

Hayo yako yamekwisha. Haya yanayofuata si yako. Mchukue huyo mtoto, mpakate vizuri, umsomee kwa sauti, maana yeye anasikia.

Dada Mwaisha, shikamoo. Karibu tena. Huku kwetu sote ni wazima.

Mdogo wako,
Mikidadi